Usiku wa Kusini Ulioachwa Nje ya Picha

Anayeijua Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kwa picha za zamani anaijua ya mchana. Matrekta ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, kisha wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, waliopiga kambi huko kuanzia 1965: zinazofahamika zaidi ni picha za jua kali. Si kwamba usiku wa Nachingwea na Ruangwa haukuwa na mambo. Ngoma za Wamwera hukesha. Kilichokosekana ni nyenzo ya kuunasa. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na kamera ya sahani za kioo na mashine ya kurekodi sauti kwenye nta. Mashine ile haikuhitaji mwanga, kamera ilihitaji. Ndiyo maana kumbukumbu ya kusini iliweza kupata sikio la usiku miaka mingi kabla ya kupata jicho.

Leica, kamera ndogo iliyozinduliwa Leipzig hiyohiyo mwaka 1925, ilisogeza mambo, na renjifainda zilizofuata zikaonyesha ubora wao gizani. Kwa renjifainda, mpiga picha anatazama kupitia kidirisha kisichopita kwenye lenzi, analinganisha taswira mbili mpaka zikae pamoja, na hakuna kioo cha kuruka ndani kwa kishindo. Lakini filamu ndiyo iliyobana. Uso unaoangazwa na koroboi, kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) na lenzi iliyofunguliwa hadi f/2, unaweza kudai robo nzima ya sekunde. Mchezaji ngoma akigeuza shingo tu, anabaki ukungu. Kwa ISO 6400 uso uleule unahitaji takriban sehemu moja ya 60 ya sekunde, na shavu, jasho na ushanga vinaonekana. Kufika huko kulichukua muda: renjifainda ya kwanza ya kidijitali, Epson R-D1 ya 2004, iliishia ISO 1600, na Leica M8 ya 2006 ikaishia 2500. Leica M10 ya 2017 ikafika 50,000.

Watasema ISO kubwa huleta chenga. Ni kweli, tena rangi huharibika kwanza kwenye vivuli. Ila chenga hazifuti nani alikuwepo na alishika nini, ukungu hufuta. Wengine watasema flashi ilikuwepo siku zote. Flashi huua mwanga wa koroboi, humpiga mtu weupe usoni na kumfanya aliyekuwa anacheza ageuke kuitazama kamera, kwa hiyo inachokirekodi ni ujio wa mpiga picha. Hoja nzito zaidi ni kwamba ISO kubwa inaweza kuugeuza usiku kuwa mchana wa uongo. Hilo linatokea pale kamera inapoachiwa ipime mwanga yenyewe. Apimaye kwa uso ulioangaziwa, akaacha giza nyuma liwe giza, hadanganyi mtu.

Linalobaki ni ruhusa. Flashi ilimtangaza mpiga picha, lakini renjifainda ya leo haitoi mwanga na karibu haisikiki. Jando na unyago vina sehemu ambazo wenyewe wamezificha kwa makusudi, na uwezo wa kamera haubadilishi haki hiyo. Wazee na makungwi waulizwe mapema, kabla jua halijazama, na wakikataa kamera ibaki mkobani hata kama ina ISO 50,000.