Mkebe Mtupu na Kamyo ya Mtoto



Siku moja, saa ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza, nilisikia kelele chini ya benchi. Mtoto mmoja alikuwa na kamyo aliyoitengeneza kwa mikebe, akiisukuma polepole kwa mguu. Niliichukua, nikatoka nje, nikaitupa katika shimo la takataka. Mafundisho yalipokwisha, mtoto yule alishuka shimoni, akaitoa, akaipangusa kwa shati lake. Kisha akaniambia bila hasira: «Mwalimu, hii si takataka, ni kamyo.»

Nikaona haya, nikamwomba niiangalie. Kabini ilikuwa mkebe wa maziwa ya unga, na milango yake ilifunguka. Tangi la mafuta lilikuwa mkebe mdogo wa nyanya. Taa zilikuwa vizibo vya chupa. Magurudumu yalikatwa katika kandambili iliyochakaa. Chini yake, springi za utepe wa chuma unaofungia masanduku zilipangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu, fupi chini, kama zilivyo katika kamyo ya kweli. Waya mrefu ulitoka juu ya kabini mpaka kiunoni mwa mtoto. Akiuzungusha, magurudumu ya mbele yanageuka.

Nikamwuliza: «Umepimaje?» Akajibu kwamba alikwenda sokoni, akaipima kamyo iliyosimama pale kwa nyayo zake. Kwa kila wayo mmoja wa kamyo kubwa, akaweka upana wa kidole kimoja katika ile ndogo. Basi, hiyo ndiyo kazi ya wahandisi wanapochora daraja au kanisa: kipimo kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyemfundisha.

Tangu siku ile nimetaka kujua habari za mkebe. Na habari hizo, kumbe, zinatugusa sisi watu wa Kongo kuliko nilivyodhani.

*Mkebe ulitoka wapi?*

Zamani za vita vya Napoleon, askari wengi waliumia kwa njaa kwa sababu chakula kilioza njiani. Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, aligundua kwamba chakula kikifungwa vizuri katika chupa na kuchemshwa, hakiozi. Mwaka 1810 serikali yake ikampa zawadi ya franga 12,000. Mwaka ule ule, huko Uingereza, Peter Durand alipata hati ya kutumia vyombo vya chuma badala ya chupa. Mwaka 1813 Bryan Donkin na wenzake walikuwa na kiwanda cha mikebe ya nyama huko London, kwa ajili ya askari na mabaharia. Mikebe ile ya kwanza ilikuwa mizito hata ikafunguliwa kwa patasi na nyundo!

Lakini chuma peke yake hushika kutu. Kwa hiyo waliipaka karatasi ya chuma safu nyembamba sana ya bati. Bati halishiki kutu upesi, wala halidhuru chakula. Sisi tukisema bati, mara nyingi tunafikiri mabati ya kuezekea nyumba. Lakini hayo hupakwa zinki. Bati lenyewe ni madini mengine, nayo hutoka katika mawe meusi mazito yaitwayo kasiterite.

*Bati la Manono*

Na kasiterite iko kwetu. Kampuni ya Géomines iliundwa mwaka 1910, ikachimba Manono, katika nchi iliyo leo jimbo la Tanganyika. Katika Maniema, kampuni ya Symétain ilianza mwaka 1932. Baba zetu walichimba, wakaosha mchanga, wakabeba. Bati likasafirishwa mbali, likapakwa kwenye chuma, likafanywa mikebe.

Halafu vita vikaja. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya na visiwa vya jirani, nchi zilizotoa sehemu kubwa ya bati la dunia. Waingereza na Wamarekani wakatafuta bati mahali pengine, na Kongo ikatakiwa kutoa zaidi. Mwaka ule ule, siku za kazi ya lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Wazee wetu waliziita kazi za vita, wala hawakuzisahau. Askari waliokula nyama ya mkebe katika nchi za mbali hawakujua jasho la nani liko katika mkebe ule.

Baadaye bati lilirudi kwetu kwa njia nyingine: limebeba sardini, maziwa na nyanya, tukalinunua kwa franga. Tukala kilichomo, tukautupa mkebe. Ni watoto walioona kwamba kazi yake haijaisha.

*Mji wa Otsu*

Sasa sikilizeni habari ya watu wengine waliookota mikebe, nao ni Wajapani wenyewe. Mwezi wa Agosti 1945 walishindwa. Miji yao iliungua, chakula kilikuwa haba, na chuma kilikuwa kimekwisha katika silaha. Askari wa Amerika wakaingia na magari yao madogo, jeep, ambayo zaidi ya 600,000 yalitengenezwa wakati wa vita. Watoto wa Japani waliyatazama kama watoto wetu wanavyoitazama kamyo ya soko.

Katika mji wa Otsu, kando ya ziwa Biwa, aliishi fundi wa vichezeo jina lake Kosuge Matsuzo. Husimuliwa kwamba aliipima jeep iliyosimama njiani kwa kitambaa cha kujifutia, kwa kuwa hakuwa na kipimo kingine. Kisha akakusanya mikebe mitupu iliyotupwa na askari, akaiosha, akainyoosha, akaikata, akatengeneza jeep ndogo ya urefu wa sentimita kumi hivi. Mwezi wa Desemba 1945, miezi minne tu baada ya vita, zilianza kuuzwa Kyoto, watu wakazigombania.

Kuanzia mwaka 1947 vichezeo vya Japani viliruhusiwa kuuzwa ng'ambo, hata Amerika kwenyewe, na fedha za biashara hiyo zikaisaidia nchi kununua chakula na mali ya viwanda. Ndani ya vichezeo vingine vya miaka ile bado huonekana maandishi ya mkebe wa zamani. Mshindwa alikula mabaki ya mshindi, kisha akamwuzia mkebe wake!

*Na sisi?*

Mtoto wangu wa katekisimu na fundi wa Otsu walifanya kazi moja: kutazama, kupima, kuokota, kukata. Tofauti ni nini? Fundi yule alikuwa na karakana, na watu walionunua. Mtoto wetu alikutana na mwalimu aliyeitupa kazi yake shimoni. Mimi ndiye mwalimu huyo.

Leo Manono inatajwa tena duniani, safari hii kwa ajili ya lithiamu, madini ya betri za motokari. Nani atayajua madini hayo kwa mikono yake? Asiyeruhusiwa kukata mkebe akiwa mtoto, tutamdai vipi aongoze kiwanda akiwa mtu mzima?

Basi, wazazi, msiwapige watoto kwa sababu ya waya na mikebe. Wafundisheni kukunja ncha kali ndani wasijikate, wapeni msumari na jiwe la kugongea, waulizeni wamepimaje. Walimu wenzangu, kamyo ya mtoto ni somo la hesabu lililokwisha kuandikwa.

Bwana wetu alikua katika nyumba ya seremala. Tena, alipowashibisha watu kwa mikate mitano, aliwaamuru mitume wakusanye mabaki, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kufanya mikate kutoka kidogo hakutaka kimega kitupwe.

Kamyo ile sasa huja katika mafundisho kila juma. Nimeipa nafasi yake dirishani, mpaka tumalize sala.