Lady JayDee: Miaka ya Redioni

LADY JAYDEE (Judith Wambura Mbibo), mwimbaji wa Tanzania aliyezaliwa Shinyanga tarehe 15 Juni 1979, aghalabu huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuimba R&B kwa Kiswahili; lakini kabla umma haujamjua kwa nyimbo, wasikilizaji wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuizoea sauti yake, kwa kuwa alikuwa mtangazaji wa Clouds FM.

Uzito wa jambo hili haudhihiriki ila kwa kukumbuka hali ya idhaa za zama zile. Tangu mwaka 1965, Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilipogeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi 1993, sheria ilipowaruhusu watu binafsi, matangazo ya Tanzania Bara yalikuwa milki ya serikali, na bendi za dansi zilirekodiwa katika studio ya redio hiyo hiyo iliyozipiga. Kijana mwenye mahadhi ya Kimarekani hakuwa na pa kubisha hodi. Radio One ikaanza 1994, na jina lenyewe la Bongo Fleva hunasibishwa na mtangazaji wake, Mike Mhagama. Clouds, yenye asili yake katika disko la Joseph Kusaga, ikafuata mwishoni mwa mwongo ule, ikiwalenga vijana waziwazi.

Mtangazaji wa redio ya namna hiyo hujua, kwa kazi ya kila siku, wimbo upi huombwa tena na upi hupita bila kutajwa. Hujuana na watayarishaji, na huzoea kipaza sauti hata hofu ikamtoka. Kwa rai yetu ilimu hiyo ilimfaa Lady JayDee zaidi ya upendeleo wowote, ingawa si haki kudai kwamba redio ndiyo iliyompa kipaji. Albamu ya Machozi ikamtangaza, zikafuata Binti (2003) na Moto (2005). Mwimbaji mwenziwe, Ray C, kadhalika alipita East Africa Radio na Clouds kabla ya albamu yake ya Mapenzi Yangu (2003).

Mwaka 2013 Lady JayDee alihitilafiana hadharani na wakuu wa Clouds, hata shauri likafika mahakamani. Na albamu aliyoitoa mwaka huo huo aliiita Nothing But the Truth.