George Anyona: Mbunge aliyefungwa na sheria alizosaidia kuzifuta

MAREHEMU George Moseti Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki na baadaye Kitutu Masaba huko Nyamira, ni miongoni mwa Wakenya wachache walioonja kizuizi chini ya Rais Jomo Kenyatta na tena chini ya Rais Daniel arap Moi.

Aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Nyakati zilikuwa mbaya. Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J. M. Kariuki, aliuawa, na Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, walitiwa kizuizini kwa maneno waliyoyatamka Bungeni. Wabunge wengi waliufyata. Anyona hakuufyata. Mnamo Mei 1977, baada ya kuhoji zabuni ya ununuzi wa mabehewa ya reli, alikamatwa katika majengo ya Bunge na kupelekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka.

Moi alimwachilia Desemba 12, 1978 pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa, akiwemo mwandishi Ngugi wa Thiong'o. Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Katika uchaguzi wa 1979 chama cha KANU kilimnyima idhini ya kugombea. Wapigakura wa Kitutu Mashariki walimchagua Abuya Abuya, ambaye naye aligeuka kuwa mwiba kwa serikali. Inaelekea eneo hilo halikuwa na hamu ya mbunge mnyamavu.

Mwaka 1982 Anyona na Jaramogi Oginga Odinga walikusudia kuunda chama cha pili cha kisiasa. Walifukuzwa KANU, na Anyona akarudishwa kizuizini. Wakili John Khaminwa, aliyeshughulikia kesi yake, naye akazuiliwa. Juni 9 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Anyona aliachiliwa 1984.

Alikamatwa tena Julai 1990, siku chache baada ya ghasia za Saba Saba, akiwa katika baa pamoja na Prof Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Augustine Njeru Kathangu. Safari hii kulikuwa na kesi. Miongoni mwa vielelezo ni orodha ya majina ambayo upande wa mashtaka ulidai ni ya baraza la mawaziri la serikali mbadala. Julai 1991 wote wanne walihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba mwaka huo, mtu aliyejaribu kukitangulia kwa chama chake alikuwa gerezani. Aliachiliwa kwa dhamana mapema 1992, rufaa ikisubiriwa.

Akaongoza chama cha Kenya Social Congress, akagombea urais 1992 na 1997. Kura zake hazikufikia 20,000 mara yoyote, na kiti cha Kitutu Masaba kilikuwa pekee cha chama hicho Bungeni. Nje ya Gusii chama hakikushika mizizi.

Lakini ni 1997 inayostahili kukumbukwa zaidi. Wanaharakati walikuwa wakitaka Katiba mpya kabla ya uchaguzi, na polisi wakiwapiga barabarani. Wabunge wa KANU na wa upinzani wakajifungia katika mazungumzo ya kundi la IPPG, na Anyona alikuwa mmoja wa vinara. Wenzake wa zamani walimshutumu kwamba amemwokoa Moi kwa kuua shinikizo la umma. Shutuma hiyo haikuwa bure: Moi alishinda tena, na Katiba mpya ilisubiri hadi 2010. Hata hivyo, maafikiano hayo yalifuta kosa la uchochezi lililomfunga 1991, na kuondoa mamlaka ya kumzuilia mtu bila mashtaka, yaliyomtesa 1977 na 1982. Ni vigumu kumlaumu mfungwa kwa kuukubali ufunguo, ingawa mlango wote haukufunguka.

Alipoteza kiti 2002, mwaka ambao FORD-People ya Simeon Nyachae ilizoa viti vingi vya Gusii. Novemba 2003 alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi.