Kijumba cha Grasmere: Raha za Nyumbani, Majira ya Machipuko na Historia ya Shairi

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiingereza, mshairi wa Ulimbwende amezoeleka kuchorwa akiwa peke yake: juu ya kilima au kando ya ziwa, mbali na jiko na ufagio. William Wordsworth ndiye mfano mashuhuri wa picha hiyo, na shairi lake kuhusu maua ya dafodili, lililochapishwa mwaka wa 1807, ndilo ushahidi unaotajwa kwanza. Msemaji wa shairi hilo hutembea pweke, huyakuta maua, kisha huyakumbuka akiwa amejilaza nyumbani. Nyumba yenyewe haielezwi. Haijulikani nani aliitandika, nani aliwasha moto, wala nani alikuwa pamoja naye siku maua yalipoonekana.

Makala haya yananuia kuirejesha nyumba hiyo katika historia ya shairi. Ushahidi mkuu ni shajara ya Dorothy Wordsworth, dada yake mshairi, aliyoiandika Grasmere kuanzia tarehe 14 Mei 1800 hadi Januari 1803. Inadaiwa hapa kwamba raha ndogo ndogo za kijumba kile, yaani kubandika karatasi ukutani, kupanda maharagwe, kuokota maua ya mwitu na kuota moto usiku wa baridi, hazikuwa pambo la maisha ya ushairi. Zilikuwa sehemu ya kazi yenyewe ya utunzi. Aidha, inadaiwa kwamba historia ya kuzifuta raha hizo katika maandishi ina uhusiano na namna shairi lilivyowafikia wasomaji wa makoloni, wakiwemo wa Afrika ya Mashariki.

Nyumba na mapambo yake

William na Dorothy waliingia katika kijumba cha mawe mahali paitwapo Town End, kijijini Grasmere, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 20 Desemba 1799. Hapo kale kilikuwa nyumba ya wageni iliyouza pombe. Jina la Dove Cottage, ambalo watalii hulitumia, si jina ambalo ndugu hao walikiita. Fedha zao zilikuwa chache. Tegemeo kubwa lilikuwa urithi wa pauni 900 ambao rafiki yao Raisley Calvert alimwachia William alipofariki mwaka wa 1795. Kwa hiyo, kilichopamba nyumba hakikununuliwa dukani kwa wingi. Kilitengenezwa kwa mikono.

Ili kuelewa maana ya mapambo hayo, sharti ikumbukwe kwamba Dorothy alikuwa yatima. Mama yao alifariki mwaka wa 1778, naye akiwa mtoto wa miaka 6 akapelekwa kulelewa na jamaa huko Halifax, mbali na ndugu zake. Miaka 9 ilipita kabla ya kuonana nao tena. Kwa mtu wa namna hiyo, kutandika sakafu au kutundika pazia hakukuwa anasa. Kulikuwa kuziba ufa uliopasuka utotoni.

Barua yake ya Septemba 1800 kwa rafiki yake Jane Marshall yaeleza hali ya nyumba kwa uangalifu wa mtu anayehesabu neema zake. Sebule ya chini ilikuwa na sakafu ya mawe; waliigeuza kuwa chumba cha kulala, wakaifunika yote kwa mikeka. Wao wenyewe walikaa chumba cha juu. Kilikuwako pia chumba kidogo, kifupi, kisichokuwa na dari. Dorothy alizibandika kuta zake magazeti, akaweka humo kitanda kidogo kisicho na pazia. Nje, walipanda mawaridi na mimea ya kutambaa. Kwa kuwa mimea hiyo ilikuwa bado michanga, waliyapandisha ukutani kwa nyuzi maharagwe yenye maua mekundu. Dorothy ayasifu maharagwe hayo kwa sababu mbili alizoziweka pamoja bila wasiwasi: yalipendeza, na yalizaa chakula kingi.

Sifa hiyo yenye pande mbili ndiyo ufunguo wa ujumi wa kijumba kile. Uzuri na manufaa havikutenganishwa. Gazeti lililokwisha kusomwa lilizuia baridi na pia lilipendezesha ukuta. Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa jambo hili kwa kirefu, kwani kuta zilizobandikwa magazeti na kalenda za mwaka uliopita ni mandhari anayoyafahamu katika nyumba nyingi za mashambani. Vilevile, bustani ya Town End ilijazwa mimea iliyohamishwa kutoka kandokando ya ziwa na vilimani. Tarehe 16 Mei 1800, siku mbili tu baada ya kuianza shajara, Dorothy alitoka na kikapu kuokota majani laini yaotayo juu ya mawe pamoja na mimea ya mwitu, akatamani wangekuwa na kitabu cha elimumimea. Baadaye walikipata kitabu cha William Withering kuhusu mimea ya Uingereza. Hivyo maumbile hayakuwa mandhari ya kutazamwa tu dirishani. Yaliingizwa nyumbani kwa kikapu.

Hata hivyo, si mikono ya Dorothy pekee iliyoibeba nyumba. Molly Fisher, mwanamke jirani aliyekuwa na umri wa miaka 60 hivi, alikuja kila siku kwa saa mbili au tatu kuwasha moto na kuosha vyombo, kwa ujira wa shilingi 2 kwa wiki. Dorothy aliandika kumhusu Molly. Molly hakuacha shajara yake. Historia yoyote ya raha za kijumba ambayo haimtaji itakuwa imerudia, kwa kiwango kingine, kosa inalonuia kulisahihisha.

Machi 1802: utunzi mezani

Mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa machipuko ya mwaka wa 1802 ni kipindi kilichozaa mashairi mengi kuliko vipindi vingi vya maisha ya William. Shajara yaonyesha kwamba mengi yalizaliwa katikati ya shughuli za nyumba.

Tarehe 13 Machi, baada ya chai, Dorothy alimsomea kaka yake maelezo aliyokuwa ameyaandika karibu miaka miwili awali kuhusu mwanamke mrefu aliyekuja mlangoni kuomba na watoto wake wa kiume. William alikuwa akijaribu kutunga shairi juu ya ombaomba hao. Kusomewa kulimkwamisha. Dorothy alikiri kwamba kaka yake alishindwa kujinasua katika maneno yale yale ya shajara, hata akalala akiwa amechoka na shairi halijakamilika. Kesho yake likakamilika. Kwa mhakiki, tukio hili lina uzito mkubwa. Laonyesha kwamba nathari ya dada haikuwa malighafi ghafi iliyongoja kusanifiwa na mshairi. Ilikuwa tayari ni usanii, na ilikuwa na nguvu za kumzuia.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi, mezani, wawili hao walizungumza kuhusu vipepeo na jinsi walivyowafukuza utotoni. William akaanza kuandika shairi kuhusu kipepeo huku bakuli la supu likiwa mbele yake halijaguswa, shati halijafungwa shingoni na soksi hazijavaliwa. Tarehe 27 Machi aliandika sehemu ya utenzi wake mkuu kuhusu utoto na kutokufa, naye Dorothy akalinakili tukio hilo bega kwa bega na jingine: jirani, Bw. Olliff, alileta samadi, na William akaenda kufanya kazi bustanini. Mwanafunzi aliyezoea kuuona utenzi huo kama falsafa tupu atanufaika kujua kwamba ulianza wakati wa kifungua kinywa na kufuatwa na mbolea.

Aprili 1802: kando ya ziwa

Katikati ya Aprili, William na Dorothy walikuwa wageni wa Thomas na Catherine Clarkson, huko Eusemere, mwisho wa kaskazini wa ziwa Ullswater. Clarkson alikuwa mmoja wa viongozi wa kampeni ya kupinga biashara ya utumwa. Tarehe 15 Aprili wakaanza safari ya kurudi nyumbani kwa miguu. Upepo ulikuwa mkali hata ukawakata pumzi. Dorothy aliorodhesha dalili za machipuko njiani kama mtu anayekagua ghala lake: maua ya urujuani, maua ya mistroberi, na ua dogo la manjano lenye umbo la nyota, ambalo alilitaja kwa jina alilofundishwa na Bi. Clarkson. Karibu na msitu wa Gowbarrow wakaona dafodili chache ukingoni mwa maji, kisha zaidi, kisha ukanda mrefu uliofuata ufuo, wenye upana wa barabara. Baadhi ya maua, kwa maelezo yake, yalikuwa yameegemea mawe kama kichwa kilichochoka kinavyoegemea mto. Mengine yalichezeshwa na upepo.

Tofauti kati ya shajara na shairi ni bayana. Katika shajara waliokuwako ni wawili, na hali ya hewa ni mbaya. Katika shairi kuna mtu mmoja, na upepo umepungua kuwa upepo mwanana. Hata mistari miwili ambayo William mwenyewe aliihesabu kuwa bora katika shairi hilo ilitungwa na mkewe, Mary, kwa ushuhuda wake William. Shairi la upweke, basi, ni kazi ya watu watatu wa nyumba moja.

Shajara haiishii kwenye maua. Jioni hiyo walifika nyumba ya wageni huko Patterdale, wakala nyama ya nguruwe na viazi, wakanywa maji moto yaliyochanganywa na ramu, wakamtamani Mary awe pamoja nao. Raha hiyo nayo ina historia yake. Ramu ilitengenezwa kutokana na miwa, na miwa ya Karibi ililimwa na Waafrika waliotumwa kwa nguvu. Waliokuwa wakijiburudisha kwayo walikuwa wametoka siku ile ile katika nyumba ya mpinga utumwa. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 1807, mwaka ule ule shairi la dafodili lilipochapishwa. Hili halisemwi ili kuwashtaki wasafiri wawili waliolowa. Lasemwa kwa sababu hakuna kijumba, hata kiwe kimejificha vipi kati ya milima, ambacho kiko nje ya uchumi wa dunia.

Kesho yake, Ijumaa Kuu, tarehe 16 Aprili, William alitunga shairi jingine akiwa kwenye daraja lililo mwisho wa ziwa dogo la Brothers Water. Kichwa cha shairi hilo, kama lilivyochapishwa, chadai kwamba liliandikwa Machi. Shajara ya dada ndiyo inayotunza tarehe sahihi. Mshairi alikumbuka msimu. Dada alikumbuka siku.

Yaliyofutwa

Dorothy hakuichapisha shajara yake. Alifariki mwaka wa 1855, miaka 5 baada ya kaka yake. William Knight alipoihariri mwaka wa 1897, alieleza katika dibaji kwamba haikuwa lazima kunakili kila mahali ambapo dada aliandika kuhusu kushona mashati ya William, au William kuokota kuni, au yeye kwenda kutafuta mayai. Toleo la Ernest de Selincourt la mwaka wa 1941, kisha la Mary Moorman la 1971 na la Pamela Woof la 1991, yalirudisha mengi ya yaliyoachwa.

Uamuzi wa Knight haukuwa wa uhariri tu. Ulikuwa wa kinadharia. Ulichukulia kwamba kuna mambo ya fasihi na mambo ya nyumba, na kwamba mkono unaoshona shati hauhusiani na ule unaoandika. Katika miongo iliyofuata, shairi la dafodili lilisafiri katika vitabu vya shule hadi makoloni likiwa limevuliwa nyumba yake vivyo hivyo. Katika riwaya ya Jamaica Kincaid, *Lucy*, iliyotoka mwaka wa 1990, mhusika mkuu kutoka Karibi alilazimishwa utotoni kulikariri shairi kuhusu ua ambalo hangeliona hadi atakapokuwa mtu mzima. Hasira yake inaeleweka. Ua lisilo na mahali huwa amri.

Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza mjini Nairobi, Oktoba 1968, kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe, hoja yao ilihusu mahali: fasihi ianzie pale msomaji aliposimama, kisha ipanuke kwenda nje. Shajara ya Grasmere, kwa njia isiyotarajiwa, yaiunga mkono hoja hiyo. Dorothy hakuandika kwa ajili ya ulimwengu. Aliandika kuhusu njia, bustani na majirani wa kijiji kimoja, katika miezi ambayo Afrika ya Mashariki ni miezi ya masika, na mkulima naye yumo shambani akipanda maharagwe.

Hitimisho

Imebainishwa kwamba raha za kijumba cha Town End zilikuwa kazi, na kwamba kazi hiyo ilikuwa utunzi. Matokeo yake kwa ufundishaji ni mawili. Kwanza, shairi la dafodili halihitaji kutupwa wala kusujudiwa. Lahitaji kurudishwa nyumbani kwake, lisomwe pamoja na shajara, magazeti ya ukutani na ujira wa Molly Fisher. Likisomwa hivyo linakoma kuwa kipimo cha fasihi zote, nalo linakuwa fasihi ya watu fulani wa mahali fulani. Pili, jicho hilo hilo lielekezwe kwenye maandishi ya nyumbani ya Waswahili. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858, uliotungwa na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, umejadiliwa sana kwa upande wa utiifu wa mke. Nyumba iliyomo ndani yake, pamoja na usafi wake, mapambo yake na mikono inayoitunza, bado yamngoja mhakiki atakayekataa kuyaita hayo mambo madogo.