Kitabu Kisomwacho kwa Sikio

Kusoma kwa jicho ni desturi; kusoma kwa sikio ni desturi iliyo kongwe zaidi. Kabla ya mitambo ya kupiga chapa kuenea katika pwani yetu, tenzi ziliandikwa kwa mkono katika herufi za Kiarabu, zikasomwa kwa sauti mbele ya watu wengi. Hati ilikuwa moja, masikio yalikuwa mengi. Kwa hiyo kitabu cha sauti, ambacho wengi hukidhani kitu kipya, ni mjukuu aliyekuja na jina la babu yake.

Mjukuu huyu alilelewa na haja ya vipofu. Thomas Edison alinasa sauti ya mtu katika mtambo mwaka 1877, lakini mitambo ya mwanzo ilichukua maneno ya dakika chache tu. Katika miaka ya 1930 Marekani na Uingereza zilianza kutoa vitabu vizima katika sahani za santuri kwa ajili ya watu wasioona. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilileta kaseti. Na leo simu iliyo mfukoni huweza kubeba maktaba.

Katika eneo la viwanda la Nairobi, liitwalo Industrial Area, jambo hili lina maana ya pekee. Eneo hili linajulikana kwa moshi na ngurumo za mashine, lakini lina wachapishaji wa vitabu pia: Jomo Kenyatta Foundation katika Enterprise Road, na Longhorn katika Funzi Road. Kila alfajiri watu wengi hutoka Mukuru, Makongeni, Kaloleni na Mbotela, wakaenda kazini kwa miguu. Kutwa mikono yao ni ya mwajiri na macho yao ni ya mashine. Njiani masikio yao ni yao wenyewe. Mwenye saa moja tu ya uhuru hana budi kuchagua vema atakachokisikiliza.

Vitabu vya namna tatu humgombea msikilizaji: wasifu, tawasifu na riwaya. Wasifu ni maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwingine. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ina majina ya watu: Tom Mbotela aliuawa mwaka 1952, na Ambrose Ofafa mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari. Wangapi hutaja majina hayo kila siku kwa kondakta wa matatu, wala hawajui walikuwa nani? Wasifu hurudisha mtu ndani ya jina lake. Mfano mwema ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliotungwa na Shaaban Robert. Siti aliimba Unguja, na mwaka 1928 sauti yake ilinaswa Bombay. Basi mwenye kusikiliza wasifu wake aweza kutafuta santuri zake pia, akalinganisha sifa na msifiwa.

Tawasifu ni maisha ya mtu yaliyosimuliwa na mwenyewe. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, mfanya biashara ya pembe na watumwa, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Anenaye juu ya nafsi yake hujua mengi, na hujua pia la kuficha.

Riwaya haidai kwamba mambo yake yalitukia. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotolewa mwaka 1960, ni hadithi ya upelelezi. Atakayesikiliza upelelezi akipitwa na neno moja hupotea njia. Jicho hurudi ukurasa wa nyuma kwa wepesi, sikio hurudi kwa taabu. Kitabu cha namna hiyo chataka njia tulivu, si njia panda yenye malori.

Lakini kipo kitabu kisichokubali kutiwa katika chungu kimoja. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Kinasimulia habari za waliotekwa bara, wakakombolewa baharini, wakakaa Freretown, Mombasa. Nao walikuwa wazee wa jamaa yake. Wengine hukiita historia, wengine riwaya ya kwanza ya Kiswahili; na wengine hukilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Mwenye kukisikiliza baada ya Tippu Tip huwa kama hakimu aliyesikia pande mbili. Mwenye kusikiliza kimoja tu amehukumu mapema.

Mwana wa James, Leonard Mambo Mbotela, alikuwa mtangazaji katika Sauti ya Kenya, na nchi nzima iliiamini sauti yake. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walioasi walimtwaa, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa yake. Maneno hayakuwa yake. Kabla ya siku kwisha uasi ulikuwa umeshindwa. Aliyesikia asubuhi alisikia sauti ya kweli ikibeba habari ambayo haikusimama hata jua likatua.

Hili ndilo fundisho kubwa kwa wasomaji wa sikio. Sauti tamu hufungua mlango wa moyo kabla akili haijabisha hodi. Basi, vijana, mnapochagua kitabu cha sauti ulizeni mambo matatu: Maneno haya ni ya nani? Aliyasema kwa hiari au kwa haja gani? Nani mwingine alikuwapo, naye asemaje? Wasifu ujibiwe na tawasifu, tawasifu ijibiwe na historia, na riwaya ipimwe kwa ukweli wa mioyo ya watu iliyo ndani yake. Sikio halina kope la kulifunga kama jicho. Mlinzi wake ni akili.