Leso Mbili na Utepe: Sidiria Ilianzaje, na Mama Kijacho Alikumbukwa Lini?

Leo tunaongelea kifua. Makaka msikimbie, maana nyie ndo mnatumwa dukani mnarudi na saizi za ajabu.

Kila mtu akisikia mimba anawaza tumbo. Kumbe tumbo linachelewa, kinachowahi ni kifua. Wiki ya nne, ya tano, ya sita hivi, wakati kipimo ndo kwanza kinaonyesha mistari miwili, matiti tayari yanauma na yamejaa, ukigongwa kiwiko kwenye daladala unaona nyota. Homoni zinaandaa vifereji vya maziwa, damu inayokwenda kifuani inaongezeka, ndo maana mishipa inajichora na chuchu zinazidi weusi. Baadaye, miezi ya katikati, wengine wanaanza kuona dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, imelowesha nguo. Na kuna kitu wengi hatuambiwi: mbavu zenyewe zinatanuka. Kwa hiyo sidiria ya zamani inakukataa pande mbili kwa mpigo, kikombe hakitoshi na mkanda haufungi.

Sasa mwili huu haujaanza jana. Bibi zetu walizaa, wazungu kwao walizaa. Nani alikaa chini akasema huyu mama naye ashonewe cha kwake? Kwenye historia ya kidato cha nne tulikariri Mkutano wa Berlin mpaka basi, hili halimo. Nimechimba, na nilichokuta ni kwamba karibu kila hatua kuna mwanamke aliyelalamika kwamba anabanwa, akasikilizwa na fundi, na jina lake hakuna aliyeliandika.

Tuanzie Ulaya ya miaka ya 1800. Huko sidiria haikuwepo, kulikuwa na koseti. Kama umeangalia zile filamu za malkia na magauni ya mwavuli umeiona: inaanza kwenye matiti inashuka mpaka nyonga, kamba mgongoni, mtu anavutwa mpaka pumzi inakata. Ilikazwa kwa chuma au kwa kile kitu kigumu kinachotoka mdomoni mwa nyangumi. Mwenye mimba je? Naye alivaa! Kulikuwa na koseti za wajawazito kabisa, zina kamba pembeni ambazo unazilegeza kadiri tumbo linavyokua, na nyingine zina vifuniko kifuani vya kufungua ili mtoto anyonye. Ukiitazama haraka unasema walijaliwa. Lakini nguo ile ilikuwa inategemewa pia kuficha. Mwanamke wa tabaka la juu akifikisha tumbo la kuonekana alitakiwa akae ndani mpaka ajifungue. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani hawakuwa na hiyo anasa ya kujifungia, wao walipiga kazi na tumbo lao.

Mwaka 1889 Ufaransa, mama mmoja mshonaji, Herminie Cadolle, akaikata koseti vipande viwili, cha juu cha kifua na cha chini cha kiuno. Kile cha juu ndo babu wa sidiria. Au bibi, sijui niseme nini hapo.

Halafu ikaja ile hadithi ya leso, ambayo mimi naipenda sana. New York, miaka ya mwanzo ya 1910, kuna binti wa kitajiri anaitwa Mary Phelps Jacob anajiandaa kwenda dansi. Gauni lake ni jepesi, koseti inachungulia. Akachoka. Akachukua leso mbili za hariri na utepe, yeye na msichana wake wa kazi wakaziunganisha kwa sindano pale pale chumbani. Wenzake kwenye sherehe wakaona anavyojisikia huru, wakataka na wao. Novemba 1914 akapewa hataza, ile hati ya ugunduzi, baadaye akauza haki zake kwa kampuni ya koseti ya Warner kwa dola 1,500. Hati ina jina la bosi. Msichana wa kazi, ambaye kwa akili yangu ndo alikuwa anaijua sindano, hayumo kwenye hati.

Na hapa acha nitoke nje kidogo nirudi nyumbani, kwa sababu ya hilo neno leso. Pwani yetu kulikuwa na leso nyingine, tena mapema zaidi. Simulizi maarufu la kanga linasema mwishoni mwa miaka ya 1800 wanawake wa huku walikuwa wananunua vitambaa vya leso vyenye nakshi, vilivyokuwa vinauzwa vikiwa havijakatwa, wanaunga tatu juu na tatu chini, wanapata nguo moja ya kujifunga. Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Nani aliunga ya kwanza? Hajulikani. Lakini angalia akili yake: nguo ambayo haina saizi. Unaifunga juu ya kifua, mwezi wa tatu fundo liko hapa, mwezi wa nane umelisogeza, ukijifungua unalishusha mtoto ananyonya, kisha kanga ile ile inafungwa tumboni, na nyingine inambeba mtoto mgongoni. Koseti ilihitaji kamba za pembeni kufanya nusu ya kazi hiyo.

Hata neno sidiria lenyewe limekuja kwa njia ya bahari, linatokana na Kiarabu, sadr, maana yake kifua. Brazia ndo la kizungu.

Turudi New York, maana mtu ninayemtaka yuko huko. Ile ya leso mbili ilikuwa laini na bapa, inamfaa binti mwembamba anayeenda dansi. Kwa mama wa miezi saba haibebi kitu.

Mwaka 1895 msichana wa miaka 16 hivi, Lena Himmelstein, aliingia New York akitokea Lithuania. Hana kitu. Akapata kazi ya kushona nguo za ndani kwa ujira mdogo. Akaolewa na sonara anaitwa Bryant, akapata mtoto wa kiume, mume akafariki mtoto akiwa bado mchanga. Yaani mjane, mgeni, na mtoto mkononi. Akabaki na cherehani. Mwaka 1904 akapanga duka dogo Fifth Avenue. Kwenye kufungua akaunti benki, jina Lena likaandikwa Lane, akaona aibu kurekebisha, basi duka likaitwa hivyo hivyo: Lane Bryant.

Siku moja akaingia mteja mjamzito. Ombi lake lilikuwa la kawaida kabisa ukilisikia leo: nataka nguo ninayoweza kuonekana nayo mbele za watu, na isinibane. Basi. Lena akamshonea gauni lenye mpira kiunoni na sketi ya marinda, linatanuka na mwenye nalo. Wenye matumbo wenzake wakaliona. Duka likaanza kujaa wajawazito.

Huyo mteja jina lake halijulikani mpaka leo. Kampuni ilikuwa kubwa, ikapata matawi mengi, lakini yeye amebaki kuwa "mteja mmoja".

Subiri, kuna vituko. Lena akataka kutangaza gazetini, magazeti yakamkatalia. Mimba ilikuwa neno la aibu, haliwezi kukaa ukurasa mmoja na matangazo ya sabuni. Mpaka mwaka 1911 ndo New York Herald likakubali. Tangazo likatoka, na kesho yake mzigo wote dukani ukaisha. Wote! Kumbe wajawazito walikuwepo siku zote mjini humo, na hela zao, walikuwa wanasubiri mtu aseme kwa sauti.

Kifua chenyewe kilikuja kukumbukwa miaka ya 1920, tena kwa ubishi. Fasheni ya wakati ule ilikuwa kifua bapa kama cha mvulana, wanawake wakawa wanajibana kwa vitambaa. Hebu piga picha una mimba ya miezi sita, fasheni inakuambia uwe bapa. Pale New York palikuwa na duka la magauni la akina mama wawili, Enid Bissett na Ida Rosenthal, huyu wa pili mhamiaji. Waliona magauni yao hayakai vizuri kwenye kifua kilichobanwa, wakaanza kushonea ndani ya gauni vikombe viwili. Mwanzoni walikuwa wanatoa bure na gauni. Wateja wakarudi: gauni sina shida nalo, nataka hicho cha ndani. Ndo kampuni ya Maidenform ikazaliwa, 1922. Mume wa Ida, William, ndo alikuwa mchoraji wa mitindo, na kati ya vitu alivyobuni ni sidiria ya mama anayenyonyesha.

Baadaye, miaka ya 1930, ndo zile herufi A, B, C, D zikaja kutenganisha ukubwa wa kikombe na upana wa mkanda. Unaweza kuona ni jambo dogo, ila kwa mjamzito ni kubwa, maana kama nilivyosema vitu hivyo viwili kwake havikui kwa mwendo mmoja.

Ila nguo kubadilika siyo watu kubadilika. Mwaka 1952 Lucille Ball, yule mchekeshaji wa *I Love Lucy*, alikuwa mjamzito kweli, wakaamua kuiingiza mimba kwenye tamthilia. Neno lenyewe la mjamzito lilipigwa marufuku kutamkwa, na miswada ikapitiwa na viongozi wa dini watatu, padri, mchungaji na rabi. Dada wa watu kabeba mtoto tu! Mwaka 1991 Demi Moore akakaa kwenye jalada la Vanity Fair na mimba ya miezi saba bila nguo, kuna maduka yaliuza gazeti limefunikwa kama la ngono. Mwanzoni mwa 2022 Rihanna akatoka barabarani New York na koti la pinki limefungwa juu tu, tumbo nje kwenye baridi. Safari hii wengi wakatamani koti.

Sisi je? Kwetu mimba changa haitangazwi, tunaogopa kijicho, na mimi siwezi kuwacheka wanaoamini hivyo. Tatizo ni kwamba kifua hakijui siri. Ndo kinakuwa cha kwanza kukutoboa, na wengi tunakinyamazisha kwa kukibana. Kidato cha tatu tulikuwa na mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi. Alikuwa anavaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, zote za zamani, halafu sweta, kwenye joto la Dar la mwezi wa pili. Tulidhani anaumwa malaria. Wakati ule mimba shuleni maana yake ni kufukuzwa, mpaka Novemba 2021 ndo Serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi darasani. Yeye alimaliza miezi kadhaa amejifunga hivyo. Sweta alilivua siku alipozimia mstarini.

Na hata asiyeficha, anavaa ya zamani kwa sababu ya bei. Sidiria nzuri ya uzazi dukani ni hela. Mitumba ndo ilikuwa mkombozi, ila TBS wanakataza nguo za ndani za mtumba na wanafanya misako sokoni, kwa sababu za kiafya, na hoja yao ina uzito. Lakini sheria ikishafika mlangoni, mama wa mwezi wa sita bado ana kifua chake pale pale.

Kwa hiyo ukipata hela ya moja tu, hesabu ni hii. Pima upya chini ya matiti, usiende na namba ya mwaka jana. Chagua ya pamba, mikanda ya begani mipana, bila waya. Ukiijaribu ikae vizuri kwenye kulabu ya ndani kabisa, ile inayobana zaidi, ili mbavu zikitanuka usogee nje, siyo kinyume chake. Kama mkanda umebana lakini kikombe bado kinatosha, huhitaji mpya, kuna kipande kidogo cha kuongezea chenye kulabu pande zote mbili. Na ukiona uvimbe mgumu, wekundu wenye joto, au chuchu inatoa damu, hiyo siyo ya kumuuliza shosti, nenda kliniki.

Hicho kipande hata fundi wa mtaani anakushonea. Kwetu kuna mama mmoja ana cherehani barazani, naye hataki nimtaje. Anasema kila wiki anaongeza mikanda ya sidiria, na wateja karibu wote wanaingia na sentensi moja, "Mama, nimenenepa kidogo." Yeye hawaulizi kitu. Anachukua futi kamba, anapima, halafu anaacha inchi moja ya ziada ndani ya mshono kwa ajili ya mwezi ujao.