Wakorino na Imani Isiyotegemea Mali katika Mashamba ya Nakuru

Wakorino ni Wakristo ambao kanisa lao lilizaliwa miongoni mwa Wakikuyu, na hutambulikana kwa kilemba, aghalabu cheupe, kinachofungwa na wanaume kwa wanawake, hadi mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mamaye. Makanisa yao yamejaa Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo na Bahati. Imani hiyo ilichipuka Kikuyuni mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini ilipofika Bonde la Ufa iliwakuta watu waliokwisha kuona mali ikipotea mbele ya macho yao.

Tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, familia nyingi za Kikuyu zilihamia mashamba ya walowezi Naivasha na Nakuru zikiswaga mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kwao ardhi ilikuwa imebana. Huku malisho yalikuwa tele. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota, yaani kibarua aliyeishi na kulima katika shamba la mlowezi, amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye apewe mahali pa kulima na kuchunga. Mifugo ndiyo iliyokuwa benki yake: humo mlikuwa na mahari ya wanawe na chakula cha mwaka wa njaa. Katika miaka hiyo ya 1920 walowezi walianza kuhofia magonjwa ya mifugo, na zaidi ya hayo walihofia kibarua mwenye mali, kwa kuwa hawezi kulazimishwa. Wakaamuru mifugo ya maskwota ipunguzwe. Maskwota waliliita jambo hilo kifagio. Mifugo iliyokusanywa kwa miaka mingi iliuzwa kwa bei ya kutupa, na tajiri wa jana akabaki na mshahara wa kibarua. Sheria ya 1937 ilikaza kamba zaidi: siku za kazi zikaongezwa, na walowezi wakapewa mamlaka ya kuweka kikomo cha mifugo na mashamba ya skwota.

Wakati huohuo Kikuyuni, Agano Jipya lilikuwa limechapishwa kwa Kikuyu mwaka 1926, na msomaji wa kawaida akaweza kulipima neno la mmisheni kwa Maandiko yenyewe. Mgogoro wa tohara ya wanawake wa 1929 ukawatoa wengi katika makanisa ya misheni. Miongoni mwa waliohubiri bila kutumwa na misheni yoyote alikuwa Joseph Ng'ang'a. Wafuasi wa uamsho huo, uliozaa Wakorino, waliitwa Arathi, yaani manabii, na pia Watu wa Mungu. Waliacha pombe, tumbaku, waganga na hirizi. Walivua viatu kabla ya kuomba. Na walipougua walitegemea maombi, si dawa za hospitali. Serikali iliwashuku kuwa wachochezi. Mwaka 1934 polisi walimpiga risasi Ng'ang'a na wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu, wakafa.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mahubiri ya namna hiyo yalipata masikio katika mashamba ya wazungu. Kanisa hili halikuhitaji kiwanja, jengo wala ruhusa ya askofu. Penye ngoma, Biblia na watu wachache palikuwa na ibada, na familia ikifukuzwa shambani, kanisa lilifukuzwa nayo na kuanza upya ilikofikia. Kufukuzwa kulikuwa jambo la kawaida. Wakazi wa Olenguruone, waliokuwa wameahidiwa makao, waling'olewa mwaka 1949 na 1950 baada ya kukataa masharti mapya ya serikali. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu wapatao 100,000 walirudishwa Kikuyuni kutoka Bonde la Ufa, wengi wakiacha mavuno yao shambani. Kwa watu hao, kumtegemea Mungu kuliko mali hakukuwa shairi la Jumapili.

Baada ya uhuru, tegemeo jipya la wengi lilikuwa hisa katika kampuni za kununua mashamba, kama Ngwataniro, na Ndeffo kule Njoro. Wakorino nao ni wakulima na wafanyabiashara kama jirani zao, na hamu ya kupata kipande cha ardhi haikuwapita. Lakini mapigano ya 1992 huko Molo, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwaonyesha wakazi wa Nakuru kwamba hata hati ya shamba haizuii moto. Maelfu walilala katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru.

Katika suala la dawa, makundi ya Wakorino yametengana. Mengine yangali yanakataza hospitali. Mengine humruhusu muumini kutibiwa huku kanisa likimwombea. Hapa imani iliyowasimamisha watu walionyang'anywa kila kitu hugeuka mzigo, hasa inapomhusu mtoto asiyeweza kujichagulia. Mtu mzima anaweza kuukabidhi mwili wake kwa Mungu, lakini hana haki ya kumnyima mwanawe chanjo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inampa kila mtoto haki ya afya na matibabu, na dini ya mzazi haiiondoi haki hiyo.